Kiwiliwili

Kiwanda cha samaki kilipofunga ofisi pale Igogo
nilinunua kompyuta yao kwa bei ya baiskeli kuukuu.
Haikuja na skrini, wala kibodi, wala kipanya.
"Hiyo ni seva, dada," akaniambia Lufungulo wa stoo,
"haina kichwa. Unaongea nayo kwa waya."
Nikacheka. Mwanza hii tumezoea kinyume:
minofu hupanda ndege, vichwa tunabaki navyo,
mapanki tunayakaanga, macho yakitutazama.
Leo nimeuziwa mnofu,
kichwa kimesafiri, nani ajuaye wapi.

Niliiweka chini ya cherehani ya Nyamizi,
juu ya tofali mbili, maana mvua ikinyesha Mabatini
maji hayabishi hodi.
Feni inakoroma. Inanuka sangara kwa mbali.

Gemu ni yetu, tumeitunga watatu:
mitumbwi sita, mawe, ukungu, taa za karabai,
mshindi ni anayejaza dagaa
kabla mbalamwezi haijachomoza.
Mugeta yuko Ukerewe, Sayi Sengerema, mimi hapa;
tulitaka pa kukutana tu, pasipo nauli ya kivuko.

Saa tatu usiku nikaandika amri.
Ikanijibu mstari mmoja:
siwezi kufungua skrini.
Nikarudia, kama agongaye nyumba anayojua imehamwa.
Siwezi kufungua skrini.
Nikazima, nikawasha. Nikasoma faili la matukio
toka chini kwenda juu, nikimtafuta aliyeanza ugomvi.
Maktaba moja haikuwepo; nikaipakua, bando likalia.
Kadi ya sauti haikuwepo; nikaidanganya ipo, ikanyamaza.
Lakini skrini! Skrini iliing'ang'ania,
mgeni asiyekula mpaka aone sahani ya kaure.

Mugeta akaandika: Vipi huko?
Bado. Inataka kioo.
Ipe.
Naipa nini? Sina hata televisheni.
Ipe cha uongo.

Basi nikaitengenezea skrini ya hewa,
upana elfu moja mia mbili themanini,
kimo mia saba ishirini,
ndani ya kumbukumbu, pasipo kioo, pasipo mwanga.
Nikaibatiza namba tisini na tisa.
Nikaiambia gemu: hii hapa, chora.
Ikakubali.
Feni ikapandisha pumzi. Hakuna kosa hata moja.
Na hakuna gemu.
Mugeta anagonga, hafunguliwi. Sayi anagonga.
Saa sita. Saa saba. Wadudu wa ziwa wameifunika balbu;
nawafukuza kwa kanga, wanarudi na ukoo mzima.

Ndipo likanijia wazo la kipumbavu:
nikakipiga picha kile kioo kisichokuwepo,
nikaivuta kwenye simu, asilimia kwa asilimia.

Ziwa letu lote. Bluu.
Mawe yamepandana vile vile Sayi alivyoyachora,
mitumbwi sita imefungwa kamba,
na katikati maandishi niliyoyaandika mwenyewe,
mwezi Machi, nikiwa na kibodi mkononi na soda ubavuni:
BONYEZA KITUFE CHOCHOTE KUANZA.

Muda wote huo haikuwa imekufa.
Ilikuwa imesimama na adabu zake gizani
ikimngoja mtu mwenye vidole.
Sikujua nicheke au niiombe radhi.

Nikatuma kidole cha uongo kwa waya.
Kimoja.

Nimeingia, akaandika Mugeta.
Kisha Sayi: Mbona mtumbwi wangu mwekundu?
Tulivua hadi adhana. Nilishindwa mara tano.

Asubuhi Nyamizi akakalia kiti chake, sindano mdomoni.
"Nani kawasha jiko huku chini?"
Hakungoja jibu. Akavua kandambili,
akaegesha miguu yake yenye baridi
juu ya ziwa.